Taa, joto na furu wa sebuleni Nyegezi

Hapa Mwanza furu, samaki mdogo wa Ziwa Victoria, si wa kuonyesha wageni. Watoto wanamvua kwa ndoano na mnyoo wakiwa wamekaa juu ya mawe, wavuvi wa sangara wanamfanya chambo, na anayebaki anaishia kwenye kikaango. Ndiyo maana mtu akiingia sebuleni kwangu Nyegezi akakuta tangi la kioo la futi nne limejaa furu watupu, kwanza anacheka. Halafu anasogea. Dume mmoja ana mgongo mwekundu, ubavu wa njano na milia myeusi ya kusimama. Akikunjua mapezi yote mbele ya jike na kutetemeka, kicheko kinaisha na swali linakuja: huyu mmemtoa nchi gani?

Ametoka hapo chini tu, kwenye mawe ya upande wa Luchelele, na wengine nimeletewa na mjomba anayevua ng'ambo ya ghuba. Swali linalofuata ndilo lililonifanya niandike: taa hizo zote, na joto letu hili la bati, hawachemki? Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Nimeona watu wengi wakishughulikia mambo haya mawili kwa nyakati tofauti, taa siku ya kununua, joto siku samaki wanapoanza kuhema juu ya maji. Kwangu ni hesabu moja. Umeme ukiingia kwenye taa hauendi popote. Hata ule uliogeuka mwanga, ukishagonga jiwe, maji au ubavu wa samaki, unaishia kuwa joto. Ukichagua taa umeshachagua joto.

Shemeji yangu wa Dar es Salaam anafuga matumbawe ya baharini. Nilipomwambia nataka kutengeneza tangi, alinipigia simu ya video akanizungusha chumba kizima, mwanga wa bluu mpaka ukutani.

"Shemeji, chukua taa kama hizi hizi, usihangaike," akasema. "Na mashine ya kupoza maji usiiache, utanishukuru."

"Hiyo mashine inakula wati ngapi, shemeji?"

"We usiulize. We weka LUKU tu."

Ushauri wake unamfaa mnyama wake. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya nyama yake mnaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, na mwani huo ndio unaomlisha kwa kutumia mwanga. Kwa hiyo taa ya tumbawe ni chakula. Inapaswa kuwa kali, na iwe na bluu nyingi, kwa kuwa kwenye bahari angavu bluu ndiyo inayofika mbali chini wakati nyekundu inamezwa mita chache za mwanzo. Kwenye joto nako tumbawe hana subira: maji yakizidi kiwango chake cha kawaida cha msimu wa joto kwa digrii moja tu, yakakaa hivyo majuma kadhaa, anautema ule mwani na kubaki mweupe. Ndivyo ilivyotokea kwenye pwani yetu ya Bahari ya Hindi mwaka 1998, wakati wa El Niño. Mtu anayefuga kiumbe wa namna hiyo lazima awashe taa kali, na akishawasha taa kali lazima anunue mashine ya kuondoa joto la taa. Anaulipia umeme mara mbili, na mashine yenyewe inalitapika lile joto chumbani alimokaa.

Furu halishwi na mwanga. Anautumia kuona na kuonekana. Hapo ndipo hesabu yangu ilipoachana na ya shemeji.

Na rangi kwake si urembo. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walianza kazi ya furu hapa Mwanza mwaka 1977, kundi lao likiitwa HEST. Yule dume mwekundu ndiye aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Leo kitaalamu anaitwa Pundamilia nyererei. Ana ndugu wa karibu mno, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la kijivu cha bluu. Majike wa aina zote mbili ni wa rangi ya udongo, ukiwachanganya kwenye ndoo hata mjomba anakuna kichwa. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte waliandika kwenye jarida la Science kwamba kuchafuka kwa maji ya ziwa kunawaharibia majike uwezo wa kuchagua. Maji yakiwa na tope na mwani mwingi, bluu inamezwa mapema, unabaki mwanga wa njano na mwekundu, na rangi za madume zinafifia. Palipo na maji angavu, kama kisiwa cha Makobe, aina hizi mbili zinaishi jirani, mwekundu kwa kawaida akikaa chini zaidi ya mwenzake, na hazichanganyiki. Kwenye maji mazito ndani ya ghuba tofauti yao inayeyuka. Wakawajaribu hata kwenye matangi: chini ya mwanga mweupe jike alimfuata dume wa aina yake, chini ya mwanga wa rangi ya chungwa tupu, ubaguzi ule ukaisha.

Kwa fundi umeme hiyo ni habari nzito. Balbu inaweza kufungisha ndoa ambayo ziwani isingefungwa. Na watoto wa ndoa hiyo wana uwezo wa kuzaa. Ndiyo maana samaki aliyezaliwa kwangu harudi ziwani, hata mjomba akiniambia nina roho mbaya.

Kabla ya kuamua taa nilitengeneza fremu ya mbao juu ya tangi, nikaning'iniza taa tatu, kila moja na swichi yake: ya bluu ambayo shemeji alinitumia kwa basi, nyeupe ya Kelvini 6500 (namba hiyo ni kipimo cha rangi ya mwanga), na ya njano ya Kelvini 3000. Usiku, madirisha yamefungwa pazia, nikawasha moja moja. Chini ya bluu, dume wa Mwalimu alikuwa na mgongo mweusi wenye uwekundu wa damu iliyokauka. Ile njano ya ubavuni ikawa kijani kichovu. Mwenzake wa bluu ndiye aliyeng'aa, mpaka ukingo wa pezi la juu ukaonekana kama umechorwa. Nikazima, nikawasha ya njano. Mgongo ukawaka mwekundu kabla sijaondoa mkono kwenye swichi, na yule wa bluu akageuka kijivu kama kipande cha jiwe. Samaki hawakuwa wamebadilika chochote. Uwekundu wa gamba ni kurudisha mwanga mwekundu uliolifikia. Usipoletwa, hakuna cha kurudisha.

Nyeupe peke yake ilikuwa nzuri lakini baridi. LED nyeupe nyingi za madukani ni chipu ya bluu iliyofunikwa unga wa njano uitwao fosfa, kwa hiyo bluu haikosekani, ila nyekundu iliyokolea ni haba. Ukisoma ubavuni mwa boksi utaona namba ya Ra, ambayo ni kipimo cha uhalisia wa rangi. Mwanga wa jua unapewa 100, taa za bei rahisi ziko karibu na 80 au chini yake. Mimi nilikwenda na mchanganyiko: taa ndefu ya futi nne ya wati 18 ya nyeupe upande wa nyuma, na nyingine ya wati 18 ya njano yenye Ra ya juu upande wa mbele, ili ule mwekundu upigwe kutokea anakosimama mtazamaji. Jumla wati 36. Ya bluu nilimrudishia shemeji, akanuna kidogo.

Wati 36 watu huziona ni chache kwa tangi la futi nne. Mtandaoni utaambiwa uweke mara tatu. Hao wanazungumzia matumbawe au majani ya majini. Kwangu mawe yameshapata ukungu wa kijani wa kutosha, na siyakwangui wala kuyasugua, kwa kuwa ninao furu wa jamii ya Neochromis ambao kazi yao ni kukwangua mwani kwenye mwamba. Wanashinda vichwa vimegandamizwa kwenye jiwe, mkia juu, meno yakifanya kazi. Wanaosafisha mawe yao kwa brashi kila Jumamosi na kisha kununua chakula cha mwani dukani siwaelewi. Pia majike wanataka pa kujificha wanapoatamia mayai mdomoni, karibu majuma matatu hivi, na taa kali inayomulika kila kona inawanyima hilo. Nimepanga mawe yafanye mapango upande mmoja, na upande huo mwanga ni hafifu kwa makusudi.

Sasa joto. Tangi langu ni sentimita 120 kwa 45 kwa 50. Ukitoa mawe na nafasi ya juu, maji ni kama lita 220. Kupandisha lita 220 digrii moja kunahitaji kilojuli 920 na ushee. Taa za wati 100 zikiwaka saa 10 zinatoa kilojuli 3,600. Zote zikiingia majini zisitoke, ni karibu digrii 4. Bila shaka nyingine hutoka, ila umeona mwelekeo. Zangu za wati 36 kwa saa hizo hizo ni kilojuli 1,300 hivi, na sehemu kubwa haigusi maji kabisa, kwa sababu LED hutupa joto lake mgongoni, kwenye bati la alumini, siyo mbele. Weka mkono chini ya LED, huhisi kitu. Gusa mgongo wake, utautoa haraka. Taa za zamani za waya ndani ni kinyume chake: joto linatupwa mbele pamoja na mwanga, na maji yanameza sehemu yake kubwa kwenye sentimita chache za juu.

Niliitwa kwenye nyumba moja ya wageni mjini ambako swichi kuu ilikuwa inaanguka kila jioni. Mapokezi walikuwa na tangi zuri tu la sato wadogo, na juu yake taa mbili za kumulika uwanja za halojeni, wati 150 kila moja, zimefungwa ndani ya kifuniko cha mbao. Kwenye mbao palishabadilika rangi. Kipimajoto kilisoma 32. Swichi ilikuwa inaanguka kwa sababu mvuke uliingia kwenye kishikio cha taa, lakini mwenye nyumba alichotaka kujua ni kwa nini samaki wanashinda juu. Wati 300 ndani ya sanduku lililofungwa, juu ya maji yasiyo na pa kupumulia. Tulibomoa kifuniko, tukaweka LED mbili, na hata kabla sijafunga vifaa vyangu alishaanza kulalamika kwamba sasa tangi halionekani kutoka barabarani.

Kitu ambacho wengi hawakihesabu ni pampu. Pampu ya kuzamisha majini ya wati 25 inafanya kazi saa 24, na kila wati yake inabaki ndani ya maji: kilojuli 2,160 kwa siku. Linganisha na zile 1,300 za taa zangu. Pampu ndogo iliyojificha nyuma ya jiwe inapasha maji kuliko taa zinazolaumiwa kila siku. Mimi natumia pampu ya hewa ya wati 5 iliyokaa nje, juu ya usawa wa maji ili umeme ukikatika maji yasirudi kwa mpira, na vichujio viwili vya sponji ndani. Hakuna mota inayogusa maji. Kwa mfuga matumbawe hiyo haitoshi, yule anahitaji mkondo mkali. Furu wa mawe wametosheka.

Kupoza ni kama mtungi wa maji ya kunywa, uvukizi ndio unaofanya kazi. Lita moja ikivukia inaondoka na kilojuli zipatazo 2,400. Ukigawa kwa saa 24 ni sawa na kuondoa wati 28 mfululizo, mchana na usiku. Nina feni mbili za kompyuta za volti 12, zimefungwa pembeni kwenye fremu, zinapuliza kwa mshazari juu ya uso wa maji; zote mbili hazifiki wati 6. Siku za joto kali tangi linapungua lita 3 au zaidi, maana yake wati 80 na kitu zimetoka kwa gharama ya wati 6. Mashine ya shemeji haifikii hesabu hiyo hata ndotoni. Maji yanashuka digrii 2, siku kavu 3. Siku mvua inanukia na hewa imejaa unyevu, feni zinapuliza bure, lakini siku hizo mara nyingi jua nalo limejificha.

Ili uvukizi ufanyike, tangi lisifunikwe kioo. Lakini furu wanaruka, hasa dume aliyefukuzwa. Nimetandaza wavu wa plastiki wa matundu ya nusu inchi kwenye fremu ya alumini. Hewa inapita, samaki hapiti. Matundu hayo yanawaruhusu pia wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama wingu jeusi na kufuata taa za nyumba. Wakija usiku wanarundikana kwenye taa, wanaanguka majini, na furu wanapata karamu. Tatizo ni feni: maiti zao zinaganda kwenye mabawa na feni inapungua nguvu bila kelele yoyote ya kukushtua. Baada ya kila wingu napitisha brashi.

Maji yanayovukia huacha chumvi zake nyuma, kwa hiyo ya kujazia ningependa yawe ya mvua niliyokinga baada ya bati kuoshwa vizuri. Yakiisha natumia ya bomba yaliyolala wazi kwenye ndoo siku nzima ili klorini itoke. Kujaza ni kila asubuhi, kidogo kidogo. Kumwaga ndoo nzima ya maji baridi saa 9 alasiri eti kuokoa samaki wanaochemka ni kuwapiga pigo la pili.

Mahali pa kuweka tangi pana uzito kuliko kifaa chochote. Sisi tuko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi katikati ya Machi na tena mwisho wa Septemba, na mwaka mzima dirisha la magharibi ndilo adui. Jua la saa 10 jioni linaingia likiwa limelala na kufika mpaka ukuta wa pili. Tangi langu liko kwenye ukuta wa ndani, hatua mbili kutoka dirisha linalotazama ziwa, kwa kuwa mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu na huo naupata bure. Juu nina dari ya jipsamu. Chini ya bati tupu nisingefuga, ningeanza na dari kwanza.

Halafu kuna jambo la Mwanza peke yake. Nyumba nyingi za mlimani zimeegemea mwamba. Mteja wangu mmoja alipanga kuweka tangi kwenye ukuta wa nyuma kwa sababu hauna dirisha, akidhani ndio wa baridi. Nilimwambia aweke kiganja saa 3 usiku. Mwamba wa matale unaokunywa jua tangu asubuhi unalirudisha usiku kucha, na ukuta ule ulikuwa na joto kuliko ule wa mbele. Tangi lililoegemea hapo halipati usiku wa kupoa, na usiku ndio muda ambao maji hujirudi.

Kinachoua si joto lenyewe, kwa furu angalau. Wakiwa kwenye ghuba wanaishi kati ya 23 na 27 hivi, na 30 wanaivumilia kwa muda. Kinachoua ni hewa kukimbia kwenye maji. Maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo, na hapa tulipo, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, tayari tuna hewa nyembamba kuliko watu wa Dar. Maji ya digrii 25 pwani yanaweza kushika oksijeni miligramu 8.3 kwa lita. Hapa ni kama 7.2. Yafikishe 30 na unabaki na kama 6.6. Wakati huo huo mwili wa samaki kwenye joto unadai oksijeni zaidi. Kwa hiyo namba za joto ambazo shemeji anaziona salama kwake, huku kwangu zina nafasi ndogo ya kukosea.

Saa mbaya ni alfajiri. Usiku mwani hautengenezi oksijeni, unaitumia, na samaki wanaitumia, na bakteria wa kwenye sponji nao. Kabla ya kupambazuka ndipo kiwango kinapofika chini kabisa. Nenda na tochi ya simu. Ukikuta furu wametulia kwenye mawe yao, mashavu yanafunguka taratibu, hakuna shida. Wakiwa wamejipanga chini ya uso wa maji, midomo juu, rangi zimefutika mpaka huwezi kumtambua mwekundu ni yupi, geuza feni iparue maji na ongeza hewa kabla ya kufikiria kitu kingine. Usiwashe taa kuwaangalia vizuri. Watashtuka, wataruka, watakula hata ile hewa iliyobaki.

Miezi ya joto nimehamisha muda wa taa. Chumba changu kinafikia kilele kati ya saa 9 na saa 11 jioni, na sioni sababu ya kuongeza joto la taa kwenye kilele hicho. Asubuhi na mchana furu wanatumia mwanga wa dirishani. Taa zinawaka kuanzia saa 12 jioni na kuzimika saa 4 usiku, nyeupe kwanza, njano nusu saa baadaye, zote kwa swichi ya saa. Mke wangu anafurahia zaidi kuliko mimi, maana jioni ndipo tupo nyumbani kuwatazama. Miezi ya Juni na Julai, upepo wa kusi ukikoroga ziwa na usiku ukiwa wa koti, narudisha ratiba ndefu na feni nazizima kabisa. Kipasha maji sijawahi kukihitaji; tangi linashuka mpaka 22 na furu wanapunguza kula tu.

Umeme ukikatika, hofu ya kwanza ya wageni ni taa. Taa haina haraka, furu anaweza kukaa gizani siku mbili asiathirike. Hewa ndiyo haisubiri. Pampu yangu ya hewa ya akiba ni ya volti 12 na inashika betri ya ampea-saa 18. Ukiitumia nusu tu ili isife mapema, una wati-saa 108, yaani wati 5 kwa saa 20 na zaidi. Feni nazo ni volti 12, zikihitajika nazichomeka hapo hapo na muda unapungua nusu na zaidi. Paneli ndogo ya sola iliyoko juu ya bati inarudisha nilichokula. Na kwa kuwa ni kazi yangu, nitasema na hili hata kama hukuuliza: maji na umeme wa ukutani visikutane bila kikata umeme cha miliampia 30, taa ziwe za kuhimili unyevu, na kila waya unaotoka kwenye tangi ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya mpaka kwenye plagi.

Mwenye tangi dogo hesabu hizi zinambana zaidi. Lita 60 zinapanda digrii moja kwa kilojuli 250 tu, na ile pampu ya kuzamisha ya wati 25 ingetosha kuzipandisha digrii 8 kwa siku kama joto lisingetoka. Tumia sponji na pampu ya nje, taa isizidi wati 10, na feni moja. Na madume wawili wa Mwalimu usiwaweke humo. Kila mmoja anadai jiwe lake na kumfukuza mwenzake mpaka kona ya mwisho, na kwenye lita 60 kona ya mwisho iko karibu mno.